Tamathali za semi na ufupisho kwa darasa la tano na la sita: vifundishe pamoja

Walimu wenzangu, wengi tunafundisha tamathali wiki hii, ufupisho tunakuja kuugusa mwezi ujao, halafu tunashangaa mtoto anakopi sentensi nzima nzima kutoka kwenye kifungu. Anakopi kwa sababu hajaelewa ile nahau imesema nini. Mimi navifundisha pamoja, hivi:

Hatua ya 1. Definisheni zisubiri kwanza. Waulize mtu mrefu mnamsemaje mtaani, watakuletea "mrefu kama mnazi", andika ubaoni, hiyo tashbihi tayari. Kisha futa "kama" mbele ya macho yao: "Juma ana mbio kama swala" inakuwa "Juma ni swala", ndo sitiari. Tashihisi haisumbui, upepo kupiga mluzi wanaipata fasta.

Hatua ya 2. Nahau, hapa tulia kabisa. Waandikie kifungu kifupi chako mwenyewe, mfano:

"Mzee Faraja alikuwa amekula chumvi nyingi. Mvua ilipompa kisogo miaka miwili mfululizo, mahindi, maharage na mtama vyote vikakauka kama karatasi. Akapiga moyo konde, akafunga virago, akaenda kwa mwanawe mjini."

Wapigie mstari nahau kwa penseli, juu ya kila moja waandike maana kwa maneno ya kawaida. Usiwape jibu haraka, wapo watakaosema mzee ana presha kwa sababu ya chumvi, we waambie wasome mbele waone kama hiyo maana inakaa, watajirekebisha wenyewe na hawatasahau tena.

Hatua ya 3. Sasa waulize: nani, kafanya nini, kwa nini? Majibu matatu tu. Mifano inayofuatana wape neno moja la kuibeba, yaani mahindi, maharage na mtama ni "mazao", na tashbihi inatoka kwa sababu ni pambo.

Hatua ya 4. Wafunge kitabu ndo waandike, hii usiiruke hata kidogo, kikiwa wazi watakopi tu. Utapata kitu kama: "Mzee Faraja alihamia mjini kwa mwanawe baada ya ukame kuharibu mazao yake." Maneno 29 yamekuwa 12.

Ukisahihisha ukakuta "alipiga moyo konde" bado ipo, usimkate maksi hapohapo, mwite umuulize kwa mdomo mzee alifanya nini, akikujibu "aliamua kuondoka", mwambie aandike hivyohivyo alivyosema.