Ekra ya ordinateri imekufa? Tayarisha haya kwanza mbele ya kuifungula

Huku Bukavu mvua ikianza na ngurumo, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena, na asubuhi lazima mtu atakuambia "ekra yangu imekufa". Hapo hapo turnevisi iko mu mukono. Mimi ninaomba uiweke chini kwanza, juu ekra nyingi zenye wananileteaka hazina ugonjwa wowote mu ndani, ugonjwa uko ku kable, ku prizi, ao ku ordinateri yenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha kama kweli ni ekra. Badilisha kable ya moto, badilisha prizi, kiisha angalia kable ya picha, ile ya zamani yenye kichwa ya bulu iko na vijino vidogo vidogo na kimoja kikipinda tu rangi zinaharibika ao picha haikuji kabisa. Kiisha chomoa kable ya picha, uache ile ya moto peke yake, na uwashe. Ekra nyingi zenye ziko nzima zitaandika hapo kama hazioni signali. Ikiandika vile, hauna sababu ya kuifungula, kaangalie ordinateri.

Ikibaki nyeusi lakini ka taa kadogo ka mbele kanawaka, rudisha kable, ngoja usiku, zima taa ya nyumba, na umulike ku kioo na torshi kwa upande upande. Ukiona picha iko pale lakini hafifu sana kama kivuli, basi picha inafika, zenye zimekufa ni taa za ndani ao sehemu yenye inazipatia moto. Hiyo inatengenezekaka. Lakini kioo ikipasuka, ao ukiona doa nyeusi kama wino imemwagika, ao mistari inayosimama toka juu paka chini hata ukibadilisha kable, hapo ni dale yenyewe, ule ubao wa kioo wenye unaonyesha picha, usijisumbue, bei ya dale mupya inakaribiana na bei ya ekra nzima, heri utafute okazyo ku soko ya Kadutu na hii yako uitunze kwa vipande.

Na kama ni ile ekra ya zamani yenye mugongo mukubwa kama televizyo ya wazee, usifungule. Mu ndani kuko volti zaidi ya 20,000 na zinaweza kubaki hata kama imechomolewa tangu zamani. Hiyo muachie fundi mwenye anaijua.

Sasa tuseme juu ya ekra nyembamba, na hapa ninataka unisikilize muzuri. Umeme wa prizi ni volti 220, lakini ukiingia mu karti ya alimantasio, ile yenye inapatia ekra moto, unageuzwa, unaenda kujaza kondasateri moja kubwa, kale kakopo kenye kanatunza umeme, na mule unafika karibu volti 310. Unachomoa kable, kila kitu kimezimika, lakini ile kondasateri inaweza kuwa bado imejaa. Mdogo wangu aliigusa chini ya karti na vidole viwili, mukono ikarushwa ikapiga ukuta, na siku nzima alisema anasikia ganzi paka ku bega. Alikuwa amechomoa kable, ndiyo, lakini alidhani inatosha.

Kwa hiyo tayarisha ampuli ya zamani ya wati 60, ile yenye kawaya mu ndani yenye inapataka moto, siyo ya LED, uiweke mu duyi yake na waya mbili zenye zimefunikwa muzuri paka karibu na ncha. Ukishafungula, gusisha zile ncha ku miguu mbili za kondasateri kubwa, ampuli inaweza kumulika kidogo kiisha izime, ukae hapo sekunde chache, kisha upime na multimetri paka uone imebaki volti mbili tatu ao zero. Kuna wenye wanagusishaka turnevisi, inapiga cheche kubwa, inaweza kuunguza karti na kukurushia chuma mu macho. Usifanye.

Jambo lingine lenye linatuhusu sisi wa delestaji, wenye tunakatiwaka umeme: usingoje umeme ukatike njo ukaseme sasa iko salama. Umeme haukupigiaka simu ukitaka kurudi. Chomoa ku prizi, na kichwa ya kable uiweke juu ya meza yenye unatumikia, uione na macho yako.

Meza itandikwe blanketi na juu yake kitenge safi, kioo ilale pale uso chini bila kitu kigumu chini yake. Watoto wawe mbali. Visi zikitoka, chora umbo la ekra ku karatasi na ubandike kila moja na skochi pale ilitoka, juu hazilingani urefu, na ndefu ukiiweka pa fupi inaweza kutoboa. Plastiki ya kando imeshikana na vijino, usipasue na kisu, tumia kadi ya zamani ya plastiki pole pole. Piga foto kila hatua mbele ya kuchomoa waya yoyote.

Vipande usinunue mbele. Fungula kwanza, angalia. Kondasateri mugonjwa unaijua: juu kuko alama ya musalaba, inapaswa kuwa bapa kabisa, lakini utaikuta imevimba kama andazi, na wakati mwingine imetokwa na kitu cha rangi ya kahawa chenye kimekauka. Andika mikrofaradi, volti, na ile digri 105, upime na urefu wake. Mupya iwe na mikrofaradi ile ile, volti ile ile ao kuzidi kidogo, haiwezi kupunguka, na ule mustari wa kando ni upande wa kutoa (−), uuangalie ku foto mbele ya kusude, ni kusema kuishikanisha na risasi ya kuyeyusha. Chuma ya kusude iwe ya wati 30 ao 40, ile kubwa ya kuziba masafuria itangoa njia za shaba ku karti. Fizibu nayo iwe ya ampere zile zile, kamwe usiweke kawaya. Ikiungua tena mara moja, simama, kuna kitu kingine kimekufa.

Ekra zenye taa za ndani za vijiti vya kioo ziko na zebaki, zikivunjika fungula madirisha na usiokote na mikono tupu.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza ile ampuli inatumika tena, unaiweka kati ku waya moja ya moto, umeme upite mu ampuli kwanza njo ufike ku ekra: ikiwaka kidogo kiisha ififie, endelea, ikiwaka nguvu na kubaki vile, chomoa haraka. Na mtu awe karibu mwenye anajua dijonteri, ile ya kukata umeme wa nyumba yote, iko wapi. Kwetu ni mama, ninamuonyeshaka kila mara hata kama anajua, anaikala pale mulangoni paka nimalize.