Namna ya Kuandika Historia ya Ukoo Usio na Tarehe

Mwongozo huu ninauandika kutokana na kazi niliyoifanya katika ukoo wa mama yangu, Wagogo wa upande wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambao hawakuacha shajara wala vyeti vya kuzaliwa. Ikiwa wazee wako nao ni wa namna hiyo, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Wasikilize wazee. Anza na aliye mkubwa kuliko wote, na uombe idhini kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu. Kila kauli iandike pamoja na jina la aliyeisema na siku aliyoisema. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili kama zilivyo. Usijifanye hakimu mapema.

Hatua ya 2: Hakikisha udugu. Mtu akikwambia "huyu alikuwa baba yangu", huenda anamtaja baba mkubwa au baba mdogo, na "babu" anaweza kuwa mzee yeyote wa mlango ule. Uliza kila mara: mama mmoja, baba mmoja? Swali hili fupi liliniondolea watu wanne niliokuwa nimewapachika pasipo pao.

Hatua ya 3: Tafuta miaka kwa kutumia matukio. Hapa ndipo penye kazi. Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani, kwani atakutajia ulioandikwa kwenye kitambulisho, ambao mara nyingi ulikadiriwa na karani. Muulize alikuwa akifanya nini tukio fulani lilipotokea. Kwetu tukio kubwa ni Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyotokana na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua nazo zikakosekana. Mjomba wangu alinieleza kwamba mama yake alikuwa akichunga ndama njaa hiyo ilipoingia. Anayeachiwa ndama ni mtoto wa miaka sita hadi minane, kwa hiyo bibi alizaliwa kati ya mwaka 1909 na 1911. Mjomba mwenyewe, ambaye kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1950, alisimuliwa na mama yake kwamba alikuwa ameshaanza kutembea matrekta ya mradi wa karanga, ule mradi mkubwa wa kilimo wa serikali ya Waingereza, yalipofika Kongwa. Matrekta hayo yalifika mwaka 1947. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alicheka, akasema: "Basi, mwanangu, serikali imenipunguzia uzee."

Tengeneza jedwali la matukio ya eneo lako kabla ya kuanza kuuliza. Kwa Dodoma, usiache Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu familia nyingi zilihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na makaburi yakabaki kwenye mahame. Nenda huko na mzee, mwache akuonyeshe palipokuwa na nyumba, na upige picha.

Hatua ya 4: Linganisha na maandishi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kitabu cha ubatizo kinaweza kukupa majina ya wazazi na ya wadhamini. Kumbuka tu kwamba wengi walibatizwa wakiwa watu wazima. Tarehe ile si ya kuzaliwa. Nyaraka za Wajerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na ukizipekua ujue kwamba Mpwapwa iliandikwa Mpapua, Bagamoyo ikaandikwa Bagamojo, na majina ya watu yalipindishwa vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Shirikisha wenzako kwa tahadhari. Rasimu yangu ya kwanza niliitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp bila kumwonyesha mtu, nayo haikuwa na mke wa pili wa babu. Wajukuu wa mama huyo walikaa miezi wakiamini nimewafuta kwa makusudi. Sasa kila tawi linasoma sehemu yake kwanza. Habari za walio hai, za watoto waliozaliwa nje ya ndoa na za mashamba yenye mgogoro huwa siziweki mtandaoni hadi wahusika wakubali. Kwa wazee wasiotumia simu ninachapisha nakala yenye herufi kubwa na pambizo pana, na kila ninaporudi kijijini ninaikuta pambizo ile imejaa masahihisho ya kalamu ya risasi.