Foronya ya mto wa kochi kwa kitambaa cha kikoi

Kwa mto wa sentimita 45 kwa 45, tafuta kikoi cha pamba kilichofumwa kwa mkono. Kiloweke kwenye maji baridi, ukaushe kivulini, upige pasi, ndipo upime. Ukiruka hatua hii, foronya itapungua ukubwa baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na mto hautaingia tena. Kikiwa bado kibichi, kisugue kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, endelea kusuuza.

Kata kipande kimoja cha 47 kwa 47 na viwili vya 47 kwa 32. Fuata uzi wa kitambaa, si macho tu: milia ikienda upande hata kidogo, mto mzima utaonekana umepinda.

Kitambaa kilichofumwa kwa mkono kina nafasi kati ya nyuzi, kwa hiyo kingo huchomoka haraka. Piga ovaloki au zigizaga kote kabla ya kuunganisha. Wengi huacha kazi hii mwisho, na tayari sentimita nzima imeshapukutika.

Kunja pindo la sentimita 2 kwenye upande mmoja mrefu wa kila kipande kidogo, ushone. Laza kipande kikubwa uso juu, vidogo juu yake uso chini, mapindo yakipishana katikati kama sentimita 13. Shona pande zote nne, sentimita 1 kutoka ukingoni, kwa sindano namba 14. Punguza pembe, pindua. Zipu haihitajiki.

Matamvua yaliyobaki yanapendeza kwenye kitambaa cha meza.