Jinsi ya kuandaa ripoti ya mazingira ya taasisi ya sanaa, kuanzia kwenye mita

Ripoti yangu ya kwanza ya mazingira ilikuwa ya ukumbi mmoja wa maigizo, na niliimaliza kwa siku nne. Nilimwomba mhasibu bili za umeme za mwaka mzima, nikajumlisha, nikazidisha ili kujua hewa ukaa tuliyotoa, nikapata namba moja safi. Mwaka uliofuata matumizi ya umeme yakapanda karibu kwa nusu, na hatukuwa tumeongeza hata taa moja. Kumbe bili sita kati ya zile kumi na mbili zilikuwa za makadirio: msoma mita hakufika, kampuni ikakisia. Hakuna aliyenidanganya. Neno "makadirio" lilikuwa pale pale kwenye bili kwa herufi ndogo, mimi ndiye sikulisoma.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme, dizeli na safari navyo ni mali. Mwongozo huu ni kwa yule aliyeangukiwa na kazi hii katika ukumbi, kikundi cha ngoma, makumbusho, tamasha au nyumba ya maonyesho, na hana mtaalamu wa mazingira pembeni yake. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi. Jasho liko kwenye kukusanya takwimu, na kwenye kusema wazi ni zipi ulizopima na zipi ulizokisia.

Hatua ya 1: Jua nani ataisoma

Mwaka 2012 Arts Council England, taasisi ya umma inayofadhili sanaa Uingereza, ilianza kuyataka mashirika inayoyafadhili mara kwa mara yatoe taarifa za matumizi yao ya nishati na maji. Wafadhili wengine nao siku hizi wanauliza. Kama mfadhili wako ana fomu, iombe sasa, usingoje wiki ya kuiwasilisha. Muulize mambo matatu: kipindi gani kinaripotiwa, nini lazima kiwemo, na kikokotoo gani anakikubali. Julie's Bicycle, shirika la Uingereza linaloshughulikia mazingira katika sanaa, wana kikokotoo cha bure mtandaoni kilichotengenezwa kwa ajili ya sekta hii. Gallery Climate Coalition, muungano wa sekta ya sanaa za kuonwa kama uchoraji na uchongaji, ulioanzishwa mwaka 2020, wana cha kwao. Ukianza na jedwali la kawaida la kompyuta hujakosea. Kikokotoo kizuri hakiokoi takwimu mbovu.

Hatua ya 2: Chora mpaka

Kanuni zinazotumika karibu kila mahali ni za GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto (hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto), zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2001. Zinagawa gesi joto katika wigo tatu. Wigo wa 1 ni kile unachokichoma au kukivujisha mwenyewe: dizeli ya jenereta, mafuta ya gari la taasisi, gesi ya jikoni, gesi inayovuja kwenye viyoyozi. Wigo wa 2 ni umeme ulioununua. Wigo wa 3 ni mengine yote yanayotokea kwa sababu upo: safari za watazamaji, ndege za wasanii, mizigo, mbao za jukwaa, mabango, taka.

Mabishano huanzia hapa. Kikundi kikikodi ukumbi kwa wiki mbili, umeme ni wa nani? Mwenye ukumbi anao kwenye wigo wake wa 2, nawe unaweza kuuweka kwenye wigo wako wa 3. Wote wawili mko sawa, mradi kila mmoja aandike alichofanya. Usipopewa bili, omba umeme wa jengo zima kwa kipindi hicho, kisha uchukue sehemu yako kwa eneo la sakafu na siku ulizotumia.

Andika aya moja inayosema kilichomo, kilichoachwa, na sababu ya kukiacha. Kuacha kitu si dhambi mwaka wa kwanza. Kukiacha kimyakimya ndiyo shida, kwa kuwa mwaka utakapokiingiza, jumla itapanda na utaonekana umeharibu mambo.

Chagua pia mwaka wa msingi, yaani mwaka utakaojilinganisha nao baadaye. Usichukue 2020 wala 2021. Kumbi nyingi zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na ukijilinganisha na jengo tupu utashindwa kila mwaka.

Hatua ya 3: Fungua daftari, kisha uende kwa watu wenye majibu

Daftari langu lina safu sita: tarehe, kitu, kiasi, kipimo, chanzo, na herufi. A ni kilichopimwa (mita iliyosomwa, risiti ya lita). B ni kilichokokotolewa kutoka kwenye kumbukumbu, kama kilomita kwenye ramani. C ni kisio. Herufi hiyo moja imenisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kulipia. Mjumbe wa bodi akiuliza "hii mmeipataje?", naangalia safu ya sita.

Kiasi kiandikwe kwa lita, uniti, kilo au kilomita, si kwa fedha. Bei ya dizeli ikipanda, jenereta haijachafua zaidi.

Mkurugenzi hana takwimu hizi. Anazo fundi wa taa, dereva, mlinzi, mama wa kantini, na yule kijana anayejaza mafuta kwenye jenereta na kuandika lita ukutani kwa chaki. Waendee wao, na uwaeleze namba zinakwenda wapi. Mtu akidhani unatafuta mwizi wa mafuta, utapewa namba za kukuridhisha tu.

Mita isomwe tarehe mosi ya kila mwezi na ipigwe picha kwa simu. Halafu fanya jaribio dogo ambalo sijawahi kuliona likikosa kufundisha kitu: soma mita jengo linapofungwa usiku, isome tena asubuhi kabla hawajaingia watu. Tofauti hiyo ni umeme uliotumika bila mtazamaji hata mmoja kuwepo. Kwenye ukumbi mmoja tulikuta friji tatu za vinywaji zikipoza chupa zisizozidi ishirini, na vipaza sauti vilivyokuwa havijazimwa kwa miezi.

Kwa makumbusho, usiku ni suala jingine, kwa sababu viyoyozi vinalinda kazi zenyewe. Hata hivyo, si lazima halijoto isimame palepale mwaka mzima. Mwaka 2015 kundi la Bizot, linalowaunganisha wakurugenzi wa makumbusho makubwa duniani, lilitoa mwongozo unaoruhusu vitu vingi kukaa kati ya nyuzi 16 na 25 na unyevunyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mpelekee mhifadhi wako hizo namba kabla hamjabishana.

Hatua ya 4: Zidisha

Kila kiasi kina kizidishi chake, yaani kilo za hewa ukaa zinazotoka kwa kila lita, uniti au kilomita. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7; ya petroli kama 2.3. Hizo hazibadiliki sana popote ulipo. Umeme ndio unaobadilika. Gridi inayotegemea maporomoko ya maji ina kizidishi kidogo mno, ya makaa ya mawe inakaribia kilo 1 kwa uniti. Kwa hiyo tafuta kizidishi cha gridi yako na cha mwaka unaouripoti, na uandike umekitoa wapi.

Tuchukue ukumbi wa mfano. Jenereta ilikunywa lita 600: mara 2.7 ni kilo 1,620. Umeme uniti 14,000, na tuseme kizidishi cha gridi ni 0.4: kilo 5,600. Fundi wa viyoyozi aliongeza kilo 2 za gesi aina ya R-410A.

Watu wengi wanauruka mstari huo wa mwisho. Kilo moja ya R-410A ikivuja hewani hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,088 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Kilo 2 ni kilo 4,176, zaidi ya mara mbili ya jenereta ambayo kila mtu anailalamikia kwa kelele na moshi. Gesi hii haina harufu wala rangi, haionekani popote isipokuwa kwenye risiti ya fundi. Mwombe aandike aina na uzito kila anapoongeza gesi. Na kama anakuja kuongeza kila mwaka, basi kuna tundu, lizibwe kwanza. Ukifika wakati wa kubadili mashine, uliza za R-32, ambayo kilo moja yake ni sawa na takriban kilo 675 za hewa ukaa.

Kuhusu paneli za jua: uniti zake andika, kizidishi ni sifuri. Ukinunua umeme kwa mkataba wa nishati jadidifu, ripoti namba mbili, moja ya gridi ilivyo na nyingine ya mkataba wako. Usionyeshe ile nzuri peke yake.

Hatua ya 5: Watazamaji wamefikaje?

Kwa matamasha na kumbi nyingi, safari za watazamaji ndizo fungu kubwa kuliko yote, na hukuwaendesha wewe. Ndiyo maana watu hutamani kuziacha. Ziweke, lakini kwenye mstari wake peke yake, ili zisifunike yale uliyo na mamlaka nayo.

Huhitaji kumhoji kila mtu. Chagua maonyesho kadhaa ya aina tofauti, ya mchana na usiku, siku ya kazi na wikendi. Simamisha mtu mlangoni mwenye maswali matatu: umetoka eneo gani, umekuja na nini, na kama ni gari, mlikuwa wangapi? Waulize wakati wanasubiri kuingia. Wakitoka wanakimbilia usafiri, hawana muda nawe.

Turudi kwenye ukumbi wetu. Watazamaji 9,000 kwa mwaka, asilimia 30 huja na gari binafsi: watu 2,700. Wastani ni watu wawili kwa gari, kwa hiyo safari za magari ni 1,350. Umbali wa wastani ni kilomita 12 kuja, na usisahau kurudi: 24. Tunapata kilomita 32,400. Kwa kizidishi cha kilo 0.17 kwa kilomita, kilo 5,508. Makosa mawili ninayokutana nayo kila mara ni kusahau safari ya kurudi, na kuhesabu gari zima kwa kila aliyepanda. La kwanza linapunguza kwa nusu, la pili linazidisha mara mbili, na yakitokea pamoja yanafutana, jumla inaonekana sahihi! Mabasi na pikipiki hufuata njia hiyohiyo, kila kimoja na kizidishi chake.

Hatua ya 6: Safari, mizigo, jukwaa, taka

Hapa nitakwenda haraka. Ndege: andika kila safari, kutoka wapi hadi wapi, watu wangapi, daraja gani. Kiti cha daraja la biashara katika safari ndefu huhesabiwa karibu mara tatu ya kiti cha kawaida kwa sababu ya nafasi kinayochukua. Mizigo: uzito mara umbali, na aina ya chombo. Meli hutoa hewa ukaa pungufu kwa makumi ya mara kuliko ndege kwa tani ileile, ila inadai mpango wa miezi. Taka: pima mifuko kumi kwa mizani ya kuning'iniza, pata wastani, kisha hesabu mifuko. Seti: mwambie fundi seremala aandike mbao mpya ni ngapi na zilizotoka kwenye stoo ni ngapi. Maji ni mita tu.

Hatua ya 7: Andika

Jedwali likikamilika, ukumbi wetu wa mfano una kilo 16,904, yaani takriban tani 16.9, bila mabasi na ndege. Gawanya kwa watazamaji 9,000: kilo 1.88 kwa kila mmoja. Toa namba zote mbili. Mwaka wenye maonyesho mengi jumla itapanda, na ile ya kwa kila mtazamaji itaonyesha kama mlifanya vizuri. Ukitoa ya pili peke yake, utakuwa unaficha ukuaji.

Kurasa nne au tano zinatosha: aya ya mpaka, jedwali lenye zile herufi A, B na C, mlichobadilisha mwaka huu, mlichojaribu kikashindikana, na mtakachofanya mwakani pamoja na jina la cheo kinachohusika. "Tutahamasisha matumizi bora ya nishati" si mpango. "Meneja wa jengo ataziba uvujaji wa kiyoyozi cha ukumbi mkubwa kabla ya msimu kuanza" ni mpango, na kwa ukumbi wetu unaondoa tani 4.2, karibu robo ya jumla.

Kama mmepanda miti au kununua hati za kufidia hewa ukaa, iandikeni chini, kando. Msiitoe kwenye jumla. Nimeona ripoti ikitangaza sifuri wakati jenereta inanguruma nyuma ya jengo.

Hatua ya 8: Mpe mtu mwingine aikokotoe

Mpe mwenzako ambaye hakushiriki daftari na risiti, bila ripoti. Achague mistari mitano na aikokotoe upya. Akipata namba zako, ipeleke. Asipozipata, mara nyingi kosa liko kwenye kipimo: lita zilizoandikwa galoni, au kilo zilizoitwa tani.

Kisha weka picha za mita, risiti na vizidishi kwenye folda moja yenye mwaka kwenye jina lake, na uache ndani yake ukurasa kwa atakayekuja baada yako: mita iko nyuma ya mlango upi, nani ana ufunguo, na bili ipi huja ya makadirio.