Kabla hujabisha kuhusu mbio za magari, uliza ni mbio zipi

Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023 nusura watu wapigane gerejini kwangu. Mimi natengeneza tuktuk hapa Malindi, ndani kidogo ukitoka barabara ya Lamu, na Jumapili kazi ikipungua huwasha runinga, watu wakaja na kahawa na kashata zao. Siku hiyo saa tisa alasiri tulitazama pikipiki za MotoGP kutoka Mugello, Italia, na Francesco Bagnaia akashinda na Ducati yake. Saa kumi na moja jioni tukahamia Ufaransa, kwenye mwisho wa mbio za magari za saa 24 za Le Mans, tukakuta Ferrari imekuwa ya kwanza. Rafiki yangu mmoja aliyewapikia Wataliano wa hapa mjini miaka mingi, mtu asiyevua kofia nyekundu ya Ferrari hata msibani, akaruka akilia machozi: "Ferrari bingwa wa dunia! Verstappen kwisha!" Mjomba wangu, mtu wa Toyota tangu ujana wake, akamwambia aache uongo, Ferrari mwaka huo haijafanya lolote. Binamu yangu wa bodaboda akaingilia kwamba chochote chenye magurudumu manne ni mchezo wa watoto. Ikabaki kidogo vikombe viruke.

Kila mmoja alikuwa na ukweli wake, lakini walikuwa wakizungumza mambo matatu mbalimbali. Verstappen hakuwa Le Mans kabisa. Yeye ni dereva wa langalanga, yaani Formula 1, na Jumapili hiyo langalanga haikuwa na mbio popote. Aliyeangushwa na Ferrari siku ile ni Toyota, iliyokuwa imeshinda Le Mans mara 5 mfululizo, kuanzia 2018 hadi 2022. Mjomba hakulijua hilo, kwa sababu kwake yeye mbio ni Safari Rally tu. Majuma mawili baadaye, kwenye Safari hiyo kule Naivasha, Toyota zikachukua nafasi ya 1 mpaka ya 4, na Jumatatu asubuhi nikamkuta mjomba amekwisha simama mlangoni kabla sijafungua.

Basi haya ndiyo ninayowafundisha wanaokuja kutazama kwangu.

Tazama wanavyoondoka

Ukiwasha runinga mbio zikiwa katikati, usiulize kwanza nani anaongoza. Angalia kama wako pamoja njiani. Ukiona magari yanafukuzana, hili linachungulia kushoto, lile linaziba kulia, hapo dereva anapigana na mwenzake, na aliyetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi. Langalanga ni hivyo, MotoGP ni hivyo, na hata NASCAR ya Wamarekani ni hivyo. Lakini ukiona gari moja peke yake linapasua vumbi, hakuna wa mbele wala wa nyuma, hiyo ni rali, na adui wa dereva ni saa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katika rali magari huachiwa moja moja, kila moja likipewa dakika kadhaa mbele ya jingine, hasa hapa kwetu, ili vumbi litulie. Kila mkondo, yaani kipande cha njia cha kushindania, unapimwa muda wake, na muda wa mikondo yote unajumlishwa mpaka siku ya mwisho. Gari unaloliona likipita la kwanza si lazima liwe linaongoza; wakati mwingine kutangulia ni mzigo, kwa sababu wewe ndiye unayewafagilia wenzako changarawe. Kwenye Safari ya mwaka huo wa 2023 Sébastien Ogier alimpita Kalle Rovanperä kwa sekunde zisizofika 7, baada ya kilomita zaidi ya 350 za kushindana. Sekunde 7 hazinitoshi mimi kutoa spana namba 10 kwenye sanduku langu mwenyewe.

Tena dereva wa rali hayuko peke yake. Pembeni yake ana mwelekezi. Kabla ya mashindano wawili hao huruhusiwa kupita njia polepole na kuandika kila kona, kila kilima, kila jiwe. Siku yenyewe mwelekezi anasoma yale maandishi huku dereva anakanyaga kuelekea kona ambayo bado hajaiona. Anayejua jahazi ataelewa haraka: yule ni mtu wa omo anayemwambia nahodha aliyeko tezi mwamba uko wapi, na nahodha akikosa kumwamini, chombo kimekwisha. Ukisikia kwenye runinga mtu anataja namba haraka haraka kama anayesoma uradi, usipunguze sauti. Hizo ndizo kona zenyewe.

Na kuna jambo ambalo kamera hazilionyeshi sana. Kati ya mkondo mmoja na mwingine gari la rali linapita barabara ya kawaida, lina namba za usajili, linafuata sheria za trafiki kama matatu. Lazima lifike kituoni kwa dakika yake. Likichelewa, linaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Likiwahi, adhabu ni dakika nzima kwa kila dakika. Likiharibika huko njiani, mafundi hawaruhusiwi kuligusa mpaka lifike kambi ya matengenezo. Dereva na mwelekezi wanashuka, wanalala chini ya gari, wanafunga kwa mikono yao na vifaa walivyobeba. Mimi ni fundi, na nasema wazi: hilo peke yake linanifanya niipende rali kuliko mbio zote.

Mjomba naye ana sababu yake. Miaka ya sabini alikuwa utingo wa lori, na anasimulia Pasaka moja aliyosimama kando ya barabara usiku, magari ya Safari yakipita taa kama radi. Zama hizo Safari ilikuwa ya Pasaka na ilikata maelfu ya kilomita. Ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda mara 3: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Shekhar Mehta mara 5. Ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na tangu irudi mpaka 2025 ni Toyota tu walioshinda. Ukimwambia mzee kama huyo kwamba rali si mbio za kweli kwa sababu magari hayakutani, unamvunjia heshima, na pia hujui unachosema.

Kisha uliza zinaishaje

Langalanga huisha kwa umbali: kilomita 305 na ushei, isipokuwa Monaco ambako ni 260. Kwa kawaida ni kama saa moja na nusu. Le Mans ni kinyume chake. Muda ndio umefungwa, saa 24, na mshindi ni aliyekwenda mbali zaidi. Ferrari ya 2023 ilizunguka mara 342 kwenye njia ya kilomita 13.6, madereva watatu wakipokezana usiku na mchana. Hesabu yake ni kama kilomita 4,660, karibu mara nne kwenda na kurudi Nairobi kutoka hapa Malindi.

Le Mans ina mtego mwingine: makundi matatu yanakimbia pamoja kwenye njia moja, kila kundi na mshindi wake. Ukiona gari jekundu linalipita la manjano kama limesimama, usishangilie bado. Huenda hata hawashindani.

Zinazofanana

Siku moja binamu alikuta IndyCar, mbio za Marekani, kwenye runinga akaanza kuuliza Hamilton, dereva wa langalanga, yuko wapi, kwa nini haonekani. Gari la IndyCar na la langalanga yote yana kiti kimoja na magurudumu nje, kosa lake lilikuwa la kawaida. Angalia kichwani pa dereva. Langalanga ina ule upinde mtupu unaopita juu ya kofia, uliowekwa tangu 2018. IndyCar, tangu 2020, ina kioo kikubwa mbele ya uso wa dereva. Ukiona kioo, Hamilton hayupo.

Tofauti kubwa zaidi iko ndani. Katika langalanga kila timu inaunda gari lake, ndiyo maana timu moja inaweza kuwaacha wengine nyuma mwaka mzima. Katika IndyCar timu zote hununua bodi kutoka kiwanda kimoja, Dallara, cha Italia. Nilipomwambia hivyo rafiki yangu wa kofia nyekundu, alikaa kimya, kisha akaanza kuitazama IndyCar kwa moyo wote. Tena kuanzia 1950 hadi 1960 mbio za maili 500 za Indianapolis zilihesabiwa ndani ya ubingwa wa dunia wa langalanga, ingawa madereva wa Ulaya hawakuwa wakienda sana. Undugu upo tangu zamani.

NASCAR utaijua kwa magari yenye mapaa na milango yaliyojaa matangazo, mara nyingi yakizunguka duara na kukata kushoto tu. Formula E ni ya umeme; ukisikia mluzi badala ya mngurumo, ndiyo hiyo.

Angalia pia wanaposimama. Gari la langalanga likiingia kubadilisha tairi linatoka kwa sekunde 2 au 3, kwa sababu kujaza mafuta katikati ya mbio kulipigwa marufuku 2010. Ukiona mtu anachomeka bomba la mafuta, umo Le Mans, IndyCar au NASCAR. Na ukiona mwanapikipiki anaingia, anaruka kutoka pikipiki moja na kupanda nyingine, mvua imewakuta MotoGP.

Ubishi wa nani ana kasi

Huu ndio unaoleta ugomvi, nami nauzima kwa tarakimu. Mwaka 2019 langalanga na IndyCar zilikimbia njia moja, Austin kule Texas. Katika kufuzu, yaani kupanga nani aanze mbele, aliyekuwa wa haraka zaidi wa IndyCar alizunguka mara moja kwa dakika 1 na sekunde 46. Wa langalanga, dakika 1 na sekunde 32. Hapo mpenzi wa langalanga hupiga meza. Basi namwambia kwamba kwenye duara la Indianapolis IndyCar hufuzu kwa wastani wa zaidi ya kilomita 370 kwa saa, kona zikiwemo. Gari limeundwa kwa njia yake. Na binamu nampa haki yake: wikendi ile ile ya Mugello 2023, Brad Binder wa Afrika Kusini alifika kilomita 366.1 kwa saa, kifua chake kikiwa juu ya tangi, hana mlango wala paa.

Nani dereva bora? Nataja watatu tu. John Surtees alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki kubwa, kisha 1964 akawa bingwa wa langalanga na Ferrari, na mpaka leo hakuna mwingine aliyefanya yote mawili. Kimi Räikkönen, bingwa wa langalanga wa 2007, aliingia rali ya dunia 2010 na 2011 na hakushinda hata moja. Nafasi ya 5 ndiyo bora aliyopata. Robert Kubica wa Poland aliumia mkono vibaya sana kwenye rali 2011 akiwa dereva wa langalanga. Alirudi langalanga 2019, na 2025 akashinda Le Mans ndani ya Ferrari. Habari za Kubica nikizisimulia hata wabishi hunyamaza.

Chaki

Mbio za langalanga za Ulaya mara nyingi huanza saa kumi jioni kwetu, Melbourne ni asubuhi na mapema, za Marekani ni usiku. Kabla watu hawajakaa, mimi huandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji: jina la mbio, wanaondoka pamoja au mmoja mmoja, zinaisha kwa umbali au kwa muda, makundi mangapi. Mistari minne. Anayefika amechelewa husoma kwanza, kisha husalimu.

Siku ya Kubica, Juni 2025, Ferrari ilipochukua Le Mans mara ya tatu mfululizo, rafiki yangu alisimama na kofia yake mkononi, akautazama mlango, kisha akamgeukia mjomba.

"Mzee wangu, za leo ni Le Mans. Za Naivasha mlikwisha kuchukua nyinyi."

Mjomba akasogea kwenye benchi kumpisha nafasi, akamwagizia kahawa.