Somo: Kuisoma Watchmen kwa mara ya kwanza

Kitabu cha vibonzo tumezoea kukimaliza kati ya adhuhuri na alasiri. Watchmen, hadithi ya mashujaa wa vinyago na mauaji ya mmoja wao, hakiendi hivyo. Kiliandikwa na Alan Moore, kikachorwa na Dave Gibbons, rangi akatia John Higgins. Kilitoka Marekani vipande 12, kati ya 1986 na 1987, ndipo kikaunganishwa kuwa kitabu kimoja. Kisome kwa kipimo hicho hicho: sura moja kwa kikao, kama saa nzima, basi. Anayekimaliza kwa wikendi moja hujua nani muuaji, na mengine yote yamempita.

Kabla ya kusoma, kilainishe. Toleo la jalada jepesi ni nene na limeshikwa kwa gundi, na kwa unyevu wetu hapa Lamu, hasa mvua za masika, gundi hulegea kurasa za katikati zikachomoka. Usikibandue kwa nguvu kikalala wazi. Simamisha mgongo wake mezani, laza kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, hivyo hivyo mpaka ufike katikati. Tena si kitabu cha watoto: kina damu, uchi, na sura ya 2 ina jaribio la ubakaji. Usikiache barazani.

Hatua ya 1. Tazama ukurasa mzima kabla ya kusoma neno lolote. Sehemu kubwa ya kitabu imepangwa kwa visanduku 9, safu 3 za visanduku 3. Ni kama mizani ya utendi: sikio likishazoea silabi 8, kipande kikizidi linashtuka. Hapa anayeshtuka ni jicho. Kisanduku kikipanuka kikameza nafasi ya viwili au vitatu, mchoraji anakusimamisha, simama.

Hatua ya 2. Anza kushoto, nenda kulia, kisha shuka safu ya chini. Waliozoea vibonzo vya Kijapani, vinavyofunguliwa upande mmoja na msahafu, huteleza hapa bila kujijua. Ndani ya kisanduku, kiputo cha juu kushoto ndicho kinachotangulia. Na jalada la kila sura usiliruke, maana ndilo picha ya kwanza ya hadithi.

Hatua ya 3. Jua nani anasema. Shajara ya Rorschach, shujaa wa kinyago anayemsaka muuaji, imeandikwa kwenye vipande vya karatasi vyenye kingo zilizochanika. Dk. Manhattan, yule mwenye mwili wa buluu na nguvu zisizo za kibinadamu, ana viputo vya buluu. Rorschach hukatakata Kiingereza makusudi, anaangusha maneno madogo madogo, kwa hiyo usidhani Kiingereza chako ndicho kibovu.

Hatua ya 4. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa maneno hutoka mahali pamoja na picha pengine. Fungua mwanzo wa sura ya 3. Picha ni alama nyeusi juu ya manjano, imesogezwa karibu mno hata hujui ni kitu gani. Maneno yake ni ya baharia anayeona matanga meusi na mbingu ya manjano nyuma yake. Picha zinavyorudi nyuma ndipo unapoona kwamba lile ni bango la mahali pa kujikinga na mnunurisho wa nyuklia. Pale chini kijana amekaa anasoma kibonzo cha maharamia, na muuza magazeti anaongea bila kukoma. Ukisoma yote kwa mkupuo utachanganyikiwa. Pita mara ya kwanza na maneno ya baharia peke yake, mara ya pili na muuza magazeti, kisha tazama picha tu.

Hatua ya 5. Sura ya 4 shika karatasi na kalamu, uandike kila mwaka unaotajwa: 1945, 1959, 1985, na kilichotokea. Manhattan anaziona nyakati zote kwa pamoja, ndiyo sababu ya jana na ya kesho anayasema kana kwamba yanatendeka sasa. Sura ya 5 imepangwa kama kioo: ukurasa wa kwanza unalingana na wa mwisho, wa pili na wa pili kutoka mwisho, mpaka kukutana katikati. Tia vidole pande zote mbili ulinganishe.

Maswali ya wanachama

Msomaji wa Langoni: Maalim, zile kurasa za maandishi matupu mwisho wa sura, naweza kuziruka?
Jibu: Ukichoka ziache mpaka kesho, lakini zisome kabla ya kuanza sura inayofuata. Za sura 3 za mwanzo ni kumbukumbu za Hollis Mason, shujaa wa zamani aliyestaafu, na mengi yaliyomo hayachorwi popote.

Msomaji wa Malindi: Mimi nina simu tu.
Jibu: Zima ile namna ya kuonyesha kisanduku kimoja kimoja. Tazama ukurasa mzima, kisha kuza usome. Sura ya 5 azima tableti ya inchi 10, dada yangu. Kwenye simu kile kioo hutakiona.

Msomaji wa Mkomani: Nixon ni rais mwaka 1985? Wamekosea?
Jibu: Hawakukosea. Nixon wa kweli alijiuzulu 1974. Katika kitabu, Marekani ilishinda vita vya Vietnam kwa nguvu za Manhattan, naye akaendelea kutawala.

Msomaji wa Shela: Nianze na filamu?
Jibu: Hapana. Ile ya 2009 imebadilisha mwisho.

Msomaji wa Langoni tena: Nimefika sura ya 12, haina maandishi mwishoni. Nakala yangu imechomoka kurasa?
Jibu: Nakala yako ni nzima, sura hiyo peke yake haina. Angalia mwanzo wake badala ya mwisho: kurasa 6 mfululizo, kila ukurasa picha moja, baada ya sura 11 za visanduku vidogo. Usizipekue upesi.