Namna ya Kuzisoma Alama za Majaribio Kabla ya Mtihani wa MCAT

Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kusomea udaktari humu nchini hupimwa kwa matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na moki za shuleni anazielewa vyema kwa sababu amekua nazo. Shida humkuta yule aliyekwisha kupata shahada ya kwanza na anayelenga vyuo vya udaktari vya Marekani au Kanada, ambavyo vingi huhitaji mtihani uitwao MCAT. Huyo hujikuta nyumbani kwao Kibokoni au Tudor akiwa na kompyuta, majaribio chungu nzima, na orodha ya alama ambazo hajui azichukulie vipi. Jumamosi hii amepata 503, Jumamosi ifuatayo 501, na nyumba nzima inauliza kama mtoto anarudi nyuma.

Harudi nyuma, na ili kuona ni kwa nini, inafaa kwanza kuujua mzani wenyewe. MCAT ina sehemu nne: ya kemia na fizikia, ya ufahamu na uchambuzi wa vifungu, ya biolojia na baiokemia, na ya saikolojia na sosholojia. Kila sehemu hupewa alama kati ya 118 na 132, hivyo jumla huwa kati ya 472 na 528. Wastani wa watahiniwa wote hukaribia 500, ilhali wastani wa wale wanaoingia vyuo vya udaktari vya Marekani uko karibu na 512. Idadi ya majibu sahihi hugeuzwa kuwa alama kwa kuzingatia ugumu wa toleo ulilolifanya, si kwa kukushindanisha na waliokaa chumbani siku ile, na jibu lisilo sahihi halipunguzi chochote. Kwa hiyo kuliacha swali wazi ni kujinyima bure. Jambo kubwa zaidi kwa mada yetu ni kwamba hata chama kinachoutunga mtihani, AAMC, huichukulia jumla ya mtihani halisi kuwa inaweza kupotoka kwa pointi 2 juu au chini. Ikiwa mtihani wenyewe hauna uhakika wa kuzidi hapo, basi tofauti kati ya 503 na 501 zilizopatikana kwenye meza ya chakula haina habari yoyote ndani yake.

Kilicho na habari ni mazingira ambamo alama ilipatikana. Mpwa wangu alinipigia kelele kutoka sebuleni siku moja, "Mjomba, 512!", nami nikafurahi hadi nilipomuuliza aliufanya vipi. Sehemu mbili alizifanya Ijumaa usiku na mbili Jumapili asubuhi baada ya mahamri na mbaazi, huku akisimamisha saa kila alipoitwa. Wiki mbili baadaye aliufanya mwingine kwa kikao kimoja, akapata 505. Hakuwa amesahau kitu; ile 512 ilikuwa alama ya mtu aliyepumzika mara nne, na chumba cha mtihani hakimjui mtu huyo.

Kwa hiyo jaribio litakaloandikwa kwenye orodha lifanywe kwa saa za mtihani halisi: dakika 95 kwa kila sehemu ya sayansi, dakika 90 kwa ufahamu, mapumziko ya dakika 10 baada ya sehemu ya kwanza, dakika 30 za chakula baada ya ya pili, na dakika 10 nyingine baada ya ya tatu. Kikokotoo hakiruhusiwi, na simu ikae chumba kingine. Ukianza saa mbili kamili asubuhi, utamaliza kama saa tisa na dakika 5 alasiri, na hapa Mombasa adhana ya adhuhuri itakukuta katikati ya sehemu ya tatu. Anayeswali aamue mapema kwamba ataswali kwenye yale mapumziko ya mwisho, kisha ayafanyie mazoezi kama anavyofanyia kemia, kwa maana udhu, swala na maji ya kunywa ndani ya dakika 10 ni jambo linalowezekana lakini halipangiki siku yenyewe. Umeme ukikatika na jaribio likavunjika, alama hiyo ifutwe kwenye orodha hata kama ni nzuri. Hasa ikiwa ni nzuri.

Yapo pia majaribio ya aina mbili, na kuyachanganya ndiko kunakowapotosha wengi. Ya AAMC yameandikwa na waandishi walewale wa mtihani, na alama zake ndizo zinazokaribia ukweli. Ya kampuni za mafunzo yana vifungu vyema vya kujizoeza, lakini mgeuzo wao wa majibu kuwa alama ni makadirio yao, na baadhi huyafanya magumu kupita kiasi, hivyo mtu akashuka kwa pointi kadhaa bila kosa lake. Ushauri wangu ni kuyatumia ya kampuni katika miezi ya mwanzo kwa ajili ya stamina na mada, usilinganishe alama za kampuni moja na za nyingine, kisha uyahifadhi ya AAMC, ambayo si mengi, kwa wiki sita au saba za mwisho. Jaribio ulilolirudia halihesabiki, kwa sababu jicho hukumbuka kifungu hata pale unapoapa kwamba umekisahau.

Baada ya alama kutoka, kazi ndiyo inaanza, na hapa ndipo ninapowaona vijana wakifanya haraka. Siku inayofuata, si jioni ileile, fungua daftari na upitie kila swali ulilokosa pamoja na kila swali ulilolibahatisha ukapata. Haya ya pili huonekana tu ikiwa uliyawekea alama wakati wa jaribio, na ni ya hatari kuliko makosa, kwa kuwa yanajificha ndani ya hesabu ya majibu sahihi na siku ya mtihani yanaweza kugeuka yote. Kando ya kila swali andika sababu moja kwa maneno yako: sikuijua mada; niliijua lakini nilisoma vibaya; nilibaki na majibu mawili nikachagua baya; muda uliniishia. Sababu hizi hazina dawa moja. Mpwa wangu alikosa swali lililotoa pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya 4.8 na pH (kipimo cha uasidi wa mchanganyiko) ya 5.8, likauliza uwiano wa asidi kwa besi yake. Jibu ni 1 kwa 10. Yeye alichagua 10 kwa 1. Daftarini akaandika "asidi na besi, rudia sura nzima", akapoteza jioni mbili kusoma kitu anachokijua. Tulipolifungua tena swali lile, kanuni aliitaja papo hapo bila kusita. Alichokosa ni mpangilio wa maneno mawili ndani ya swali. Dawa yake ilikuwa kuandika kwenye karatasi kinachoulizwa kabla ya kutazama majibu, na makosa ya namna hiyo yakaanza kupungua kuanzia jaribio lililofuata.

Ukishakuwa na majaribio matatu ya kweli, yasome kwa safu za sehemu badala ya jumla. Ya mpwa wangu, kwa mpangilio wa sehemu nilizozitaja juu, yalikuwa hivi: 125, 123, 127 na 126, jumla 501, kisha 126, 122, 128 na 127, jumla 503, kisha 127, 121, 129 na 128, jumla 505. Jumla inapanda na familia inapongeza, lakini ufahamu unashuka kila mara, na sayansi ndiyo inayoufunika. Pointi moja ya sehemu peke yake haina uzito mkubwa, ila mwelekeo wa mara tatu unastahili kuchunguzwa. Sehemu hiyo ina vifungu 9 na maswali 53, yaani takribani dakika 10 kwa kifungu. Tuliporudi kwenye muda aliotumia, tuliona vifungu viwili vya mwanzo vilikula dakika 27 kwa sababu alikuwa akivisoma mara mbili, na kifungu cha mwisho alikibahatisha chote. Hakuwa na tatizo la Kiingereza kama alivyoshikilia. Kwa wiki tatu alifanya vifungu viwili kila asubuhi, dakika 10 kila kimoja, na muda ukiisha anaacha hata kama hajamaliza.

Kuhusu kuamua kama utaufanya mtihani au utausogeza, chukua wastani wa majaribio matatu ya mwisho ya AAMC yaliyofanywa kwa masharti, usichukue lile bora. Wastani huo ukiwa ndani ya pointi 2 au 3 za lengo lako, endelea. Ukiwa chini kwa 6 au 7, usitegemee muujiza wa siku ya mtihani. Uamuzi huu una tarehe: zikisalia siku chini ya 10, mtihani hausogezwi tena, na kadiri unavyochelewa kabla ya hapo ndivyo gharama inavyopanda. Mara za kuufanya mtihani nazo zina kikomo: mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo, na mara 7 katika maisha yote, na hata kutotokea au kuyafuta matokeo mwishoni mwa mtihani huhesabiwa kuwa ni mara moja. Kwa yule ambaye wazazi wamechangishana nauli na ada, ni bora kusema mapema, "Baba, bado sijafika," kuliko kwenda kubahatisha.

Jaribio la mwisho lifanywe takriban wiki moja kabla ya mtihani, na baada ya hapo usilifanye jingine zima, maana alama mbaya siku tatu kabla haikupi muda wa kurekebisha kitu, na alama nzuri haikuongezei chochote. Siku zilizobaki ni za daftari: soma sababu ulizoziandika, rudia yale maswali ya kubahatisha, fanya vifungu vichache vya ufahamu asubuhi, na uanze kulala saa ile utakayolala usiku wa kuamkia mtihani.